Tunawasindikiza Hadi Getini

Watanzania tulioko Marekani tuna kauli tunayoipenda: huku kila mtu na lake, nyumbani mtoto ni wa wote. Kwa mtoto wa darasa la tatu huenda ni kweli. Kwa mwanachuo kauli hiyo inahitaji kukaguliwa. Ukifuatilia nani anamshika mkono kijana tangu anapoingia chuo hadi anapovaa joho, utakuta Marekani imejipanga mahali ambapo sisi tumelala, na sisi tuna kitu ambacho wao wanawalipa watu mishahara ili kukiiga.

Nguvu ya jamii yetu iko mwanzoni. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu zinaanza kulia. Mjomba ananunua godoro, shangazi anatoa nauli, kanisani au msikitini panapitishwa mchango. Jamii imo hata ndani ya mfumo rasmi: fomu ya mkopo ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, haikamiliki bila saini na muhuri wa kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kijana ambaye mtendaji hamjui, au ambaye cheti cha baba yake hakikuwahi kutafutwa, anaweza kukosa mkopo kabla hata hajachagua kozi. Historia ya Afrika Mashariki nayo ina sura hiyo hiyo. Ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyoandaliwa na mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, kwenda kusoma Marekani, iliondoka Nairobi mwaka 1959 na vijana 81. Nauli ilichangwa Marekani, lakini fedha za matumizi za wengi zilitoka kwa ndugu na vijiji. Kusindikiza tunajua.

Tukishamfikisha getini, tunakaa kimya hadi mahafali. Na katikati ndipo watu wanapoangukia.

Chukua mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye mkopo. Bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, lilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Bodi inaweza pia kulipa ada, yote au sehemu, pamoja na vitabu na mafunzo kwa vitendo. Lakini kuna kundi la malipo madogo ambayo mara nyingi mkopo hauyagusi: bima ya afya, ambayo kwa miaka mingi mwanafunzi amelipia NHIF 50,400 kwa mwaka, tozo ya ubora ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) 20,000, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, na ile asilimia ya ada iliyobaki pale Bodi ilipotoa nusu. Ukijumlisha bila hiyo sehemu ya ada, mara nyingi ni laki moja au mbili. Hakuna ndugu ambaye angeshtuka akisikia kiasi hicho; tatizo ni kwamba hakuna anayeambiwa. Asiyelipa hakamilishi usajili, na asiyesajiliwa hana namba ya mtihani. Mtu anakosa mtihani wa somo alilolihudhuria muhula mzima. Kinachofuata ni kurudia somo, au kudisko, yaani kuondolewa chuoni kabisa, na nyumbani inasemwa kwamba chuo kilimshinda.

Chuo Kikuu cha Georgia State kilichopo Atlanta kiligundua jambo hili hili katika daftari zake. Wanafunzi waliokuwa wakifutwa kwenye orodha za madarasa kwa sababu ya deni wengi hawakuwa wamefeli, tena baadhi walikuwa wamebakiza muhula mmoja au miwili. Mwaka 2011 kikaanza kutoa ruzuku ndogo zisizozidi dola 2,500, na kwa wastani kiasi kilikuwa chini ya dola elfu moja. Mwanafunzi haombi: chuo kinaangalia nani ana maendeleo mazuri na deni dogo, kinaziba pengo, na kumtaka akae na mshauri wa fedha. Utaratibu huo ni rahisi kuliko kumtafuta mwanafunzi mpya wa kujaza nafasi ya aliyeondoka. Ninaamini hakuna wazo la elimu ya juu huku ambalo ni rahisi kwetu kuliko hili, na tunacho tayari chombo cha kulibeba.

Chombo hicho ni kamati ya harusi. Watu hulalamika kwamba tunachangia harusi na si masomo, lakini lalamiko hilo halijamsaidia mtu. La maana ni kwamba kamati ya harusi inafanya kazi: ina mwenyekiti, mweka hazina, orodha ya ahadi, tarehe za vikao, na mtu asiyeona aibu kukukumbusha kwamba hujapunguza. Watu kumi wakiahidi 10,000 kila mwezi wanapata 1,200,000 kwa mwaka. Hiyo inafunika malipo madogo yote niliyotaja na kubakiza akiba ya dharura: ugonjwa, kompyuta iliyoibwa, au bumu lililochelewa wiki tatu.

Tofauti na harusi ni kwamba tarehe haiko moja. Kamati ya mwanachuo inahitaji kalenda ya chuo mkononi tangu siku ya kwanza, na fedha ziwe tayari kwa nyakati hizi: wiki za usajili mwanzoni mwa mwaka, wiki tatu kabla ya mitihani ya kila muhula, na kipindi cha sapu, yaani mitihani ya marudio, ambacho huangukia likizo wakati mwanafunzi yuko kijijini na hana nauli ya kurudi. Hili la mwisho husahaulika kabisa. Mtu anafeli somo moja, anapewa nafasi ya kulifanya tena, na anaikosa kwa sababu ya tiketi ya basi.

Malipo ya chuo yasipitie mfukoni mwa mtu. Mwanafunzi anaitoa kumbukumbu namba ya malipo kwenye akaunti yake ya chuo, anaituma kwa mweka hazina, naye analipa kwa simu au benki moja kwa moja. Namba hizo huwa na muda wa kuisha, kwa hiyo zisiombwe mwezi mzima kabla ya fedha kupatikana. Kwa walioko nje: tuma kwa mweka hazina, si kwa mwanafunzi, na omba picha ya risiti. Kinachoharibu kamati hizi ni kitu kimoja kikubwa, nacho ni sisi wenyewe wa ughaibuni. Tukiingia tu, wengine tisa wanaacha kuchanga, kwa kuwa kuna mtu wa dola. Mwaka wa pili huyo wa dola anapoteza kazi au anachoka, na kamati nzima inakufa. Ni afadhali atoe sawa na wenzake, na kama ana zaidi akiweke kwenye akiba ya dharura bila kutangaza.

Fedha ni nusu ya mambo. Nusu nyingine ni mtu wa kuuliza. Jimbo la Tennessee lilipitisha mwaka 2014 mpango wa Tennessee Promise, unaolipia ada ya chuo cha miaka miwili baada ya misaada mingine kuhesabiwa. Kilichonivutia si ada. Kila mwanafunzi anapewa mlezi wa kujitolea, raia wa kawaida wa wilaya yake, fundi au karani au mstaafu, anayetoa kama saa moja kwa mwezi. Mlezi hafundishi hesabu. Anamkumbusha tarehe: fomu ya msaada wa fedha, kikao cha lazima, usajili. Ukikosa tarehe moja unatolewa kwenye mpango, na ndiyo maana mlezi yupo. Vijana ambao wazazi wao hawakusoma chuo hawaangushwi na ugumu wa masomo tu. Wanaangushwa na karatasi ambazo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuziona.

Huku Marekani wana mkanganyiko wao pia. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi inaikabidhi haki hiyo kwa mwanafunzi mwenyewe akishafika umri wa miaka 18 au akishaingia chuo. Mzazi akipiga simu kuuliza matokeo, chuo kwa kawaida kitamwambia kwamba hakiruhusiwi kusema bila ridhaa ya mtoto. Nyumbani jamii ina masikio kila mahali, na hilo linaweza kumwokoa mtu au kumzamisha. Mwanafunzi aliyepata sapu anaficha, kwa sababu anajua habari ikifika kwa shangazi itafika kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Kwa hiyo kamati ikubaliane mapema: mtu mmoja tu, ambaye si mzazi wala mweka hazina, ndiye anayezungumza naye kuhusu masomo, kila mwezi, na anayoambiwa hayatoki bila ruhusa. Swali la kwanza lisiwe GPA. Liwe: je, umesajiliwa masomo yote, na kuna tarehe gani mbele yako? Binamu aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita anafaa kazi hii kuliko profesa wa ukoo.

Kitu ambacho Marekani inalipia ili kukiiga ni wale wenzako unaokwenda nao. Shirika la Posse, lililoanzishwa New York mwaka 1989, huchagua vijana kumi hivi wa jiji moja na kuwapeleka chuo kimoja kwa pamoja. Kabla ya kuondoka wanakutana kila wiki kwa miezi minane, na kiwango chao cha kumaliza kiko karibu asilimia 90. Sisi tunacho hicho bure: watu wa shule moja ya sekondari, wa wilaya moja, wa usharika mmoja, wako Chuo Kikuu cha Dodoma au cha Dar es Salaam (Mlimani) kwa makundi. Vyama vya wanafunzi wa mikoa vipo, lakini kazi yao kubwa imekuwa kukaribisha wapya na kuagana na wanaomaliza. Tena mwanzo na mwisho. Wangefanya moja tu, kukutana wiki ya nne ya kila muhula kukagua nani hajasajiliwa, wangewabakiza chuoni watu wengi kuliko sherehe zao zote.

Ushahidi mzito kuliko wote niujuao uko New York. Vyuo vya miaka miwili vya CUNY, chuo kikuu cha umma cha jiji hilo, vilianza mwaka 2007 mpango uitwao ASAP: mshauri mwenye wanafunzi wachache, kadi ya usafiri ya bure, vitabu, na kuziba pengo la ada, kwa sharti la kusoma muda wote. Ulipopimwa kwa kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, asilimia 40 ya waliokuwemo walimaliza ndani ya miaka mitatu, dhidi ya 22 ya wasiokuwemo. Kadi ya basi ilikuwa na hila yake: ilitolewa kila mwezi kwa aliyeshiriki, ikawa sababu ya kumwona mshauri. Hata kamati ya watu kumi inaweza kufanya hivyo: fedha ya mwezi itoke baada ya mazungumzo ya mwezi.

Upande wa mwanafunzi kuitumikia jamii, siwasifu Wamarekani sana. Tennessee inadai saa nane za kujitolea kila muhula, na vyuo vinavyopokea fedha za shirikisho za kuwaajiri wanafunzi vinatakiwa kutumia angalau asilimia 7 ya fedha hizo kwenye kazi za kijamii. Saa nane ni chache mno. Wengi wanapanga makopo kwenye ghala la chakula, wanasainiwa karatasi, basi. Sisi tuna fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wiki nane au zaidi, iliyo ndani ya mtaala. Na tuliwahi kwenda mbali zaidi: Azimio la Musoma la 1974, la chama tawala TANU, lilitaka mtu afanye kazi kwanza na apate mapendekezo ya kazini kabla ya kuingia chuo kikuu. Sidai lirudi, kwa kuwa mapendekezo yaligeuka mlango wa kujuana, lakini lilishika jambo la kweli, kwamba mwanafunzi anayejua anasoma kwa ajili ya nani haachi kirahisi.

Fildi inaharibikia kwenye maandalizi. Barua zinaandikwa wiki tatu kabla, kila mtu anataka Dar es Salaam, ofisi inampa mwanafunzi kazi ya kutoa fotokopi, msimamizi wa chuo anapita mara moja, na kitabu cha kumbukumbu kinajazwa usiku mmoja. Hapa halmashauri ya nyumbani ina nafasi kubwa. Mwanafunzi aandike kwa mkurugenzi miezi minne kabla, akiambatisha barua ya utambulisho ya chuo, na ataje kazi mahususi: kuorodhesha visima vya kata na vilivyoharibika, kupanga rekodi za zahanati, kupima mashamba ya ushirika. Diwani au mtendaji anayemjua apeleke hoja hiyo ofisini kwa mkono. Familia ya kumlaza ipo, na fedha ya fildi iliyokuwa iishie kwenye chumba cha kupanga inabaki. Mwishoni asome ripoti yake mbele ya kikao cha kijiji, dakika kumi, kwa Kiswahili. Wakati huo huo ndio wa kuitisha ahadi za mwaka unaofuata.