Jalada la dola 1,450

Jumapili usiku nilikuwa nimeegesha lori Effingham, Illinois, viatu nimeshavua, ikaingia sauti ya WhatsApp ya dakika sita. Mtu akikutumia sauti ya dakika sita saa nne usiku, ama kuna msiba, ama kuna karatasi za serikali. Zilikuwa karatasi.

Kijana mmoja, Mkongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu, amefeli ukaguzi wa usalama wa FMCSA, idara ya Marekani inayosimamia usalama wa malori. Kampuni yake ina kichwa kimoja, tela la kukodi, na dereva mmoja ambaye ni yeye mwenyewe. Barua imempa siku 60 arekebishe mambo, la sivyo usajili unafutwa na lile gari analolilipia mkopo linabaki pambo la maegesho.

"Lakini kaka mkubwa," anasema, sauti imekauka, "mimi nililipa. Nililipa ya ukaguzi."

Hapo usingizi ukaniruka. Ukaguzi haulipiwi! Ukaguzi wa kampuni mpya ni bure, tangu mkaguzi anapokuandikia mara ya kwanza hadi anapokupa majibu. Serikali ya Marekani inatoza karibu kila kitu, ila hiki haitozi, na ndicho watu wetu wanachokilipia.

Mnajua inavyokwenda. Siku namba ya DOT, ile ya usajili wa kampuni ya usafirishaji, inapotoka, jina la kampuni, anwani na simu vinaingia kwenye kumbukumbu zilizo wazi kwa kila mwenye intaneti. Yangu ilipotoka nilikuwa jikoni nakoroga uji, na simu ililia mara kumi na moja kabla uji haujapoa. Wote sauti nzito, wote wanaongea kama maofisa: faini, kufungiwa, leo ndiyo siku ya mwisho, soma namba za kadi. Mmoja alinitisha hadi nikazima jiko. Kijana wetu alimpata wa hatari zaidi, anayeongea Kiswahili. Kamwita "ndugu yangu", kamuulizia wazazi, kisha kamkata dola 1,450.

Alinipigia picha alichouziwa. Jalada la buluu, limepigwa herufi za dhahabu na tai wa Marekani katandaza mbawa. Ndani kuna fomu tupu, zilezile ambazo ukiingia kwenye tovuti ya FMCSA unazipata bila senti. Kuna daftari la kujaza ripoti ya gari kila jioni, wakati sheria inamsamehe ripoti hiyo mwenye gari moja tu. Kwa hiyo kauziwa hata kazi asiyodaiwa. Na kuna sera ya dawa za kulevya, kurasa 21, imeandikwa vizuri kabisa. Ukurasa wa kwanza, pale juu, bado pana mabano yanayosema kwa Kiingereza: weka jina la kampuni hapa.

Hakuna aliyeweka. Kurasa 21 za sera ya kampuni isiyo na jina, na mkaguzi akazipokea hivyohivyo.

Sasa kilichomwangusha. Yako makosa 16 ambayo kila moja, peke yake, linakufelisha palepale: kuendesha bila bima inayotakiwa, kumpa gari dereva asiye na leseni halali, kulirudisha barabarani gari lililosimamishwa kabla halijatengenezwa, na mengine ya namna hiyo. Kijana alikuwa na moja tu. Hakuwa kwenye mpango wowote wa upimaji wa dawa za kulevya. Hakupimwa kabla ya mzigo wa kwanza, jina lake halikuwa kwenye kapu la bahati nasibu la kuchagua madereva wa kupimwa ghafla, na kwenye Clearinghouse, kumbukumbu za serikali za upimaji wa madereva, hajawahi kujisajili kama mwajiri. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa nia njema kabisa: "Kaka, nijipime mimi mwenyewe? Mimi najijua. Hata bia sinywi."

Jibu hilo nimelisikia kwa Wakenya, kwa Warundi, kwa Watanzania wenzangu wanaojifanya wanajua kila kitu, na kwa mzee mmoja Msomali wa Columbus ambaye hajawahi kuonja hata sigara. Najijua. Bila shaka unajijua! Sheria haikuulizi kama unajijua. Kwa macho ya sheria, ndani ya kile kichwa cha Freightliner mmekaa wawili: yuko mwenye kampuni na yuko dereva wake. Mwenye kampuni anatakiwa amchunguze dereva wake kama mtu aliyeokotwa barabarani jana. Haijalishi kwamba wanavaa koti moja na kupika kwenye sufuria moja.

Mimi mwenyewe niliona ni wazimu, nakiri. Mwaka wangu wa kwanza niliandika barua ya kuomba kazi kwangu mwenyewe. Nikajaza fomu ya maombi, waajiri wa miaka iliyopita, ajali, faini, nikaweka sahihi upande wa mwombaji. Nikageuza kalamu nikajikubalia. Nikaagiza rekodi yangu ya udereva kutoka jimboni, nikaisoma kama sijawahi kuiona, nikaandika kwamba nimeipitia na nimeridhika na dereva huyu. Nikaweka nakala ya leseni na cheti cha daktari. Nikawaandikia waajiri wangu wa miaka mitatu nyuma kuwauliza mimi ni mtu wa namna gani (mmoja mpaka leo hajajibu, na naijua sababu). Mke wangu alinikuta mezani akauliza naandika nini. Nikamwambia nafanya usaili. Alicheka hadi akakaa chini, lakini faili lile lilipita.

Faili hilo halinunuliki. Muuzaji wa jalada hawezi kukukojolea kwenye kikombe. Hawezi kukurudisha nyuma miezi saba ukapimwe kabla ya ule mzigo wako wa kwanza wa viazi kutoka Idaho. Tarehe ikishapita imepita, na mkaguzi kazi yake kubwa ni kutazama tarehe. Upimaji umefanyika tarehe gani, mzigo wa kwanza umeondoka tarehe gani. Anaweka karatasi mbili bega kwa bega, hahitaji hata kukupigia simu. Ndiyo maana nasema mtu anayekuuzia "maandalizi ya ukaguzi" wiki mbili kabla ya ukaguzi anakuuzia sanda ya dhahabu.

Na tusijidanganye, ugonjwa huu tulikuja nao. Nilikuwa utingo wa malori ya Dar hadi Tunduma kabla sijaota hata kupanda ndege. Wiki ya Nenda kwa Usalama ikifika, tajiri wetu alikuwa na mtungi mmoja wa kuzimia moto na magari manne. Gari la kwanza likikaguliwa na kubandikwa stika, utingo, yaani mimi, nauchomoa mtungi, napita nyuma ya ukuta, nauchomeka kwenye la pili. Mtungi mmoja, stika nne. Halafu tunateremka mlima Kitonga na tani thelathini mgongoni, breki zinanuka, na kwenye magari matatu kati ya manne hakuna cha kuzimia hata kiberiti. Tulicheka sana enzi hizo. Siku moja tulilikuta gari la kampuni nyingine limelala chini ya kona, linawaka, dereva wake kaketi kwenye jiwe hasemi kitu, na sisi wa gari la nyuma hatukuwa na mtungi wa kumsaidia. Ulikuwa kwenye gari la mbele, limeshafika Mikumi.

Haya, mengine haraka haraka. Logi, yaani kumbukumbu ya saa zako za kazi: saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, baada ya mapumziko ya saa 10, hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba risiti ya mafuta ina saa na ina mji, na haijui kudanganya. Matengenezo: risiti za fundi zinakaa kwenye faili la gari, si kwenye mfuko wa Walmart chini ya kitanda, na ukaguzi wa mwaka wa gari uwe hai, wa kichwa na wa tela, hata kama tela ni la kukodi. Bima: dola 750,000 ndicho kiwango cha chini kwa mizigo ya kawaida, na ikikatika hata siku moja ujue wameshaona. Barua pepe ya mkaguzi ijibu. Jamani, ijibuni. Kuna watu wanafutwa kwa kunyamaza tu.

Nitakubali mawili, shingo upande. La kwanza, yapo makampuni unayotakiwa kuyalipa kweli. Mwenye gari moja haruhusiwi kujiendeshea kapu lake la bahati nasibu, maana angejichomoa jina lini? Lazima ajiunge na kapu la pamoja, analipa ada ya mwaka, anapewa cheti. Sawa. La pili, serikali nayo haina huruma. Faili la dereva analodaiwa mwenye gari moja ndilo analodaiwa mwenye magari mia tano aliye na ghorofa nzima ya makarani. Ongeza na sharti la dereva kujua Kiingereza, tangu Juni 2025 askari anaweza kukusimamisha kando ya barabara kwa sababu hukumwelewa, na utaona kwa nini mtu anayekuita "ndugu yangu" kwa Kiswahili anakupata kirahisi hivyo.

Lakini huyo ndugu anajua. Hilo ndilo linaloniwasha. Anajua kuhusu kapu la upimaji, anajua tarehe, maana yeye mwenyewe ana gari na alishapita. Angemwambia kijana sentensi moja tu, bure, pale alipokuwa anamuulizia wazazi.

Kijana tumeanza naye upya. Jumatatu alipimwa, Jumatano alijiunga na kapu, barua ya marekebisho tunaiandika pamoja kwa simu kila ninaposimama, na zimebaki siku 51. Jana usiku alikuwa anajaza fomu ya kuomba kazi kwake mwenyewe, kimya cha muda mrefu kwenye laini, kisha akaniuliza:

"Kaka mkubwa, hapa panauliza kama kampuni inaruhusiwa kumpigia mwajiri wangu wa sasa. Niandike ndiyo?"