Hukumu ya Jaji Mwalusanya ilitenguliwa, sawa, lakini ilitenguliwa kwa hoja gani?

Kila adhabu ya kifo ikizungumzwa Tanzania lazima atokee mtu aseme Jaji James Mwalusanya, yule aliyeamua kwamba adhabu hiyo ni kinyume cha Katiba, alikuwa mwanaharakati ndani ya joho, alijigeuza Bunge na Mahakama ya Rufani ikamnyoosha. Hoja hiyo siibezi. Jaji hapigiwi kura, na akifuta adhabu kwa kalamu yake ndugu wa marehemu wana haki ya kuuliza mbona wao hawakuulizwa.

Ila someni rufaa yenyewe jamani. Mwaka 1994, Mahakama Kuu Dodoma, kesi ya Mbushuu, Mwalusanya alisema kunyonga ni ukatili na kunamdhalilisha binadamu kwahiyo Katiba hairuhusu, akawapa washtakiwa kifungo cha maisha. 1995 Rufani wakatengua, lakini hao hao wa Rufani walikubali kabisa kwamba ni adhabu ya kikatili na inadhalilisha, wakasema tu ibara ya 30(2) ya Katiba inaiokoa kwa maslahi ya umma. Yaani kwenye swali gumu zaidi alikuwa sahihi! Hapo ndo mimi nakwama, mahakama ya juu kabisa nchini inakiri kitu ni cha kikatili halafu kinabaki kwenye sheria mpaka leo, na kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji nafasi, ukikutwa na hatia ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa tu, iwe ulipanga mwaka mzima au uliamua dakika ile ile, ukiacha mjamzito na aliye chini ya miaka 18. Na tangu 1994 hajanyongwa mtu. Rais Magufuli 2017 alisema hadharani hawezi kusaini hati ya kunyonga mtu. Basi watu wanahukumiwa kifo, wanakaa gerezani miaka na miaka bila kujua siku yao, na hilo nalo ni adhabu ambayo hakuna Bunge lililoipitisha.

Na Mwalusanya hakuanza hapo. 1990 akiwa Mwanza, kwenye Ephrahim dhidi ya Pastory, aliamua mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi sawa na mwanaume, wakati Haki za Binadamu za kwenye Katiba zilikuwa na miaka miwili tu tangu zianze kutumika mahakamani. Mila ilisema hapana, yeye akasoma Katiba ilivyoandikwa.

2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha hapo hapo, ikasema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kunavunja haki ya kuishi. Kifungu cha 197 bado kipo vilevile.