Rottweiler na lawama za damu

Rottweiler akimjeruhi mtu, kauli haikawii: mbwa wa aina hii wapigwe marufuku. Wanaosema hivyo hawajatunga hatari. Dume hufikia kilo 50 na kuzidi, na akishika kwa meno si rahisi kumbandua. Ireland tangu 1998 inataka afungwe mdomo na kushikwa kamba fupi akiwa hadharani. Sina ugomvi na sheria hiyo. Ninachokikataa ni dai kwamba ukatili umo damuni mwake.

Kwao ni Rottweil, kusini mwa Ujerumani, ambako wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni. Reli ilipochukua kazi ya kusafirisha mifugo, alikaribia kutoweka. Aliokolewa na polisi, waliomkubali rasmi kazini mwaka 1910. Wachinjaji na polisi wote walitaka mbwa mtulivu, kwa sababu anayekurupuka hutawanya ng'ombe na kumuumiza asiye na kosa. Mwangalie aliyelelewa vizuri mgeni anapoingia getini: husimama kimya, akatazama, akamgeukia mwenye nyumba kuona kama mgeni amepokewa. Akisharidhika, huja kumwegemea bwana wake miguuni kwa uzito wake wote.

Takwimu inayomwandama inatoka Marekani. Kati ya 1979 na 1998, katika vifo 238 ambavyo aina ya mbwa aliyeua ilijulikana, Rottweiler na jamii ya pit bull walihusika katika zaidi ya nusu. Ni hesabu nzito, na familia zilizozika hazihitaji kubembelezwa kwa hoja. Lakini wanaoinukuu huishia hapo. Aina zilizoua hazikupungua 25. Watafiti wenyewe walisema vifo ni sehemu ndogo mno ya majeraha ya mbwa, kwa hiyo visiwe msingi mkuu wa sera. Tena kutambua aina ya mbwa kwa uhakika ni kazi ngumu. Kuna jambo jingine: katikati ya miaka ya 1990 Rottweiler alikuwa wa pili kwa wingi wa mbwa waliosajiliwa na American Kennel Club, chama cha Marekani kinachosajili mbwa wa asili safi. Walipokuwa wengi kiasi hicho, ajali zao nazo lazima zionekane nyingi. Na aina ikishapanda bei, kila mwenye jike huzalisha, tabia ya wazazi isiulizwe.

Ujerumani, chama cha wafugaji wa Rottweiler hakimruhusu mbwa kuzalishwa kabla ya kufaulu mtihani wa tabia. Nairobi na Dar es Salaam, swali la mnunuzi mara nyingi ni moja tu: baba yake mkali? Kisha mtoto wa mbwa hufungwa mnyororo nyuma ya nyumba mchana kutwa, akafunguliwa usiku. Hukua bila kuzoea mgeni wala kuguswa na mtoto. Siku mnyororo ukikatika, hana namna ya kumtofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyeingia kufuata mpira.