Mlango wa kizimbani

Mtu wa Mbeya akikuambia "tutaonana mahakamani", ujue undugu umekwisha. Kwetu korti ni ya mirathi na mipaka ya mashamba, na anayekwenda huko kwa jambo lisilomhusu yeye binafsi huulizwa katumwa na nani.

Huku Glasgow, Scotland, nimekuta watu wanaotafuta kushtakiwa. Kilomita kama 40 kutoka hapa, Faslane, ndiko ziliko nyambizi za nyuklia za Uingereza. Watu huketi barabarani mbele ya geti la kambi, wengi wao wastaafu, akina bibi wa rika la mama yangu aliyeko Tukuyu. Polisi wanawabeba mzobemzobe, nao wakifika mbele ya hakimu wanasema mvunja sheria ni bomu.

Kesi inayosimuliwa zaidi ni ya Juni 1999. Angie Zelter, Ulla Roder na Ellen Moxley waliingia kwenye tishari la utafiti wa nyambizi hizo, wakatupa kompyuta na nyaraka majini, wakangoja kukamatwa. Walikaa rumande miezi kadhaa. Utetezi wao ulikuwa maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, ya tarehe 8 Julai 1996: kwamba kutumia silaha za nyuklia, au kutishia kuzitumia, kwa ujumla ni kinyume cha sheria, ingawa majaji walishindwa kukata shauri kuhusu nchi inayojihami ikiwa ukingoni mwa kuangamia. Huko Greenock, hakimu Margaret Gimblett aliagiza waachiwe huru. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Edinburgh ikasema hoja ile haikubaliki kisheria. Nyambizi bado zipo, na kodi yangu inazihudumia.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoniandikia kwamba Wazungu wana ujasiri na sisi ni waoga, mnanikera kidogo. Mwaka 2023 wananchi wanne walifungua kesi Mahakama Kuu pale pale Mbeya, kupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai. Bandari iko Dar es Salaam, kesi ikafunguliwa Mbeya! Tarehe 10 Agosti wakashindwa. Siku chache baadaye wakili wao, Boniface Mwabukusi, akakamatwa, na mwaka uliofuata mawakili wenzake wakamchagua kuwa rais wa chama chao. Huo ni uoga gani?

Tofauti ninayoiona iko mlangoni. Ibara ya 26 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba na sheria za nchi. Lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yakaweka sharti: uape kwanza, ueleze jambo hilo limekuathiri vipi wewe binafsi. Wale akina bibi wa Faslane hakuna aliyewauliza bomu limewaumiza wapi, kwa sababu waliingia kama washtakiwa, na mshtakiwa lazima asikilizwe. Wameufanya mlango wa kizimbani kuwa mlango wao.

Tena walioumizwa kweli nao hawakupokewa. Visiwa vya Marshall, ambako Marekani ililipua mabomu 67 kati ya 1946 na 1958, viliishtaki Uingereza The Hague kwamba haitimizi wajibu wa kujadili kuondoa silaha hizo. Mwaka 2016 majaji waligawanyika nane kwa nane, kura ya rais wa mahakama ikaamua: hakuna mgogoro wa kusikiliza. Lakini walau walisikilizwa kuhusu hilo.

Nauliza haya kwa sababu urani, madini ya kutengenezea nyuklia, iko Namtumbo, jirani zetu wa Ruvuma. Mkulima wa kule akiwa na shaka juu ya maji ya mto, au juu ya safari ya madini yale, aape nini kabla hajadhurika? Sitamshauri akaketi barabarani. Polisi wa kwetu tunawajua. Kifungu kama kile cha 2020 kisimzuie, naye aingie kwa mlango wa mbele.