Siku Maji Yalipozidi Kioo

Mimi na brashi ya rangi tumepigwa marufuku kukutana bila msimamizi. Agizo limeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa karakana, na kila anayeingia hulisoma, kisha hunitazama. Ngoja nieleze mwenyewe ilivyokuwa, maana hadithi wanayosimulia wenzangu imetiwa chumvi mpaka imekuwa chungu. Wanasema mgeni rasmi alilia. Hakulia. Aliingiwa na masizi machoni.

Nilijiunga na kikundi cha watu wa kujitolea waliokuwa wakifufua injini ya treni ya mvuke iliyokaa nje ikinyeshewa miaka na miaka. Kama unadhani kazi hiyo ni kuvaa kofia na kupiga honi, pole. Kazi ni kukwangua. Unakwangua kutu, unakwangua grisi iliyogeuka lami, unakwangua rangi ya kijani ukute nyekundu, unakwangua nyekundu ukute nyeusi, na chini kabisa unakutana na namba ya zamani ambayo hakuna aliyejua kuwa ipo. Hapo Mzee anapaza sauti, "Acha!" Anapiga picha, anaandika kwenye daftari lake, anapiga picha nyingine, na kwa siku hiyo kazi imekwisha.

Mzee ndiye fundi wetu mkuu. Ana imani moja tu, kwamba kila alama kwenye chuma cha zamani ni shahidi, na shahidi hapakwi rangi usoni. "Kijana," aliniambia siku ya kwanza, "unaijua Rocket, injini ya Stephenson iliyoshinda mashindano ya injini za treni kule Rainhill, Uingereza, mwaka 1829? Ukienda kuitazama leo makumbusho, haifanani na ile iliyoshinda. Silinda zake zilikuwa zimeinama sana, baadaye wakaziteremsha mpaka zikakaribia kulala. Mbona hawakuzirudisha juu?"

"Hawakuwa na spana?"

Alinitazama kwa muda mrefu. "Kwa sababu hayo mabadiliko nayo ni maisha yake."

Nikaitikia kwa kichwa, huku macho yakitafuta pa kupaka rangi. Ndio ugonjwa wangu. Mimi nikiona kitu kimepauka, mkono unawasha. Mlango wa behewa letu la abiria niliupaka vanishi hadi ukagandana na fremu yake, na ndani walikuwamo watu wawili wakipima viti. Walitokea dirishani. Hilo nalo lilisameheka.

Wiki moja kabla ya injini kuonyeshwa hadharani nikapewa kazi ya heshima: kung'arisha shaba kwenye chumba cha dereva. Pale mbele, juu ya mlango wa moto, kuna mirija miwili ya kioo iliyosimama wima. Hiyo ndiyo huonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, na ipo miwili ili mmoja ukidanganya mwingine useme kweli. Nyuma ya kila mrija nikakuta kibati kidogo cheupe chenye mistari myeusi ya mshazari. Mistari yenyewe ilikuwa imefifia, mingine imebanduka. Ilinikumbusha pajama ya mgonjwa. Shaba yote ile inameremeta, halafu katikati yake kuna pajama!

Nikapaka nyeusi. Koti tatu, na msasa laini kati ya koti na koti. Vibati vikatoka vyeusi ti, ungeweza kujitazama na kunyoa ndevu. Sikumwambia mtu. Nilitaka iwe mshangao.

Ikawa mshangao.

Moto uliwashwa tangu siku iliyotangulia, kwa sababu boila baridi haliharakishwi. Vyuma vyake havitanuki kwa kasi moja, na ukilikimbiza linaanza kuvuja kwenye maungio. Mzee alilala palepale, akitia makaa kidogo kidogo kama anayemlisha mtoto mgonjwa. Asubuhi injini ilikuwa hai, inapumua taratibu, na wageni wameketi kwenye viti vilivyopangwa kando yake kabisa ili itokee vizuri kwenye picha. Mgeni rasmi alivaa suti nyeupe. Na viatu vyeupe. Hata kamba za viatu.

Kabla ya kushuka kwenda kuketi na wakubwa, Mzee akanipa maagizo. "Maji yako nusu ya kioo. Presha ikikaribia mstari mwekundu, valvu ya usalama itafunguka, na ikifunguka hotuba haitasikika. Ukiona inataka kufoka, fungua injekta, ingiza maji baridi kidogo, boila litulie. Umesikia neno la mwisho?"

"Litulie."

"Kidogo, kijana. Neno ni kidogo."

Injekta ni kifaa ambacho mpaka leo nakishuku. Alikibuni Mfaransa Henri Giffard, akapata hataza yake mwaka 1858, na ni mtu huyohuyo ambaye mwaka 1852 aliruka angani kwa puto lenye injini ya mvuke, kwa hiyo mambo ya kawaida hakuyapenda. Kifaa kinachukua mvuke wa boila, kinautumia kusukuma maji, na maji hayo yanaingia kwenye boila lilelile lililotoa mvuke. Hakina hata pampu. Kikishika vizuri, kinaimba.

Mgeni rasmi akasimama, akasema ana maneno mawili matatu tu. Alipofika neno la mia tano valvu ikaanza kunong'ona. Nikafungua injekta, ikaimba, valvu ikanyamaza. Nikajisikia mtu mzito. Akaingia kwenye historia ya usafiri kuanzia punda. Valvu ikanong'ona tena, nikafungua tena. Alipoanza utoto wake, mimi na injekta tulikuwa tumeshazoeana hata kuifunga nikaona ni usumbufu.

Kisha nikatupa jicho kwenye kioo.

Hapakuwa na maji. Ule mstari unaoonyesha yamefika wapi haukuwepo, si juu, si katikati, si chini. Kioo kitupu, nyuma yake weusi wangu unang'aa. Nikarukia cha pili. Kitupu!

Mate yakanikauka. Mzee alikuwa ametufundisha hadi tukaota ndoto mbaya: maji yakishuka yakaacha wazi dari la kikasha cha moto, chuma kile hupata joto kali, hulainika, na boila laweza kupasuka. Ndiyo maana darini huwekwa plagi, kizibo chenye madini laini ya risasi, iyeyuke kwanza, mvuke na maji vimwagikie moto. Nikaanza kusikiliza kama risasi inayeyuka. Ikiwa hujawahi kujaribu kusikiliza risasi ikiyeyuka, nakuambia inasikika kila mahali.

Mtu mwenye akili angefungua kibomba cha chini ya kioo aone kinachotoka. Kimewekwa kwa kazi hiyo, na kilikuwa shibiri moja kutoka mkono wangu. Mtu mwenye akili zaidi angemwita Mzee. Tena kama dari lingekuwa limeachwa wazi kweli, kulimwagia maji baridi ndilo jambo la mwisho la kufanya. Mimi nikafungua na injekta ya pili. Zikaimba zote mbili kama kwaya, nami nimekodolea kioo macho nikisubiri maji yatokee. Hayakutokea. Nikajiuliza haya maji yote yanakwenda wapi.

Makofi yakapigwa. Hotuba imekwisha. Nikafunga injekta zote kwa haraka, nikafuta jasho kwa kitambaa cha grisi. Mzee akampandisha mgeni rasmi, akamshikisha mkono wa mvuke. "Ukisikia neno langu, vuta kidogo sana, itasogea, itakata utepe, basi." Kisha bila kugeuka akanipungia mimi: "Honi!"

Nikavuta. Honi haikulia. Ilisukutua. Ilitoa sauti ya mtu anayesukutua koo, kisha ikatema maji.

Mzee aligeuka na uso uliokwisha kuelewa kila kitu. Ila mgeni rasmi alidhani kule kusukutua ndilo lile neno, akavuta. Hakuvuta kidogo sana.

Boila lililojaa pomoni halitoi mvuke, linatoa maji. Maji yakafuata njia ya mvuke, yakapita kwenye silinda, yakapanda dohani yakikokota masizi yote ya njiani, na juu yetu likafunguka wingu. Mvua nyeusi! Ilinyesha juu ya viti, juu ya zumari za bendi, juu ya karatasi za hotuba ambazo, naapa, zilikuwa bado zimebaki tatu. Mzee alirudisha ule mkono kwa kishindo. Bahati yetu, vibomba vya kukamulia silinda alikuwa ameviacha wazi kama afanyavyo kila injini inapoondoka. Maji hayabanwi kama mvuke, na yakinaswa mbele ya pistoni, kinachosalimu amri ni chuma. Injini ikasogea hatua moja ya mtu mzima, ikasimama. Utepe haukuguswa. Ulikuwa mwekundu, sasa una madoadoa.

Mgeni rasmi akajitazama kifuani, akatazama viatu, akauliza kwa upole, "Huwa inakuwa hivi?"

Wageni walipoondoka, Mzee alikaa kwenye kisanduku cha makaa. "Maji yalikuwa wapi kwenye kioo?"

"Hayakuwepo, Mzee."

"Kioo kilichojaa mpaka juu na kioo kitupu vinafanana, kijana. Ndiyo maana kuna mistari nyuma. Ukiitazama kupitia maji inapindukia upande wa pili. Pasipo na maji inabaki ilivyo. Mistari ilikuwa imeelekea wapi?"

Nikatazama buti zangu.

"Mistari," alirudia, akachungulia nyuma ya kioo. Akakaa kimya. Akapitisha kidole. "Ni kazi safi," alisema mwishowe. "Koti ngapi?"

"Tatu."

"Na msasa?"

"Laini, Mzee."

Akatikisa kichwa kama mtu anayempa rambirambi adui.

Mistari niliirudisha mwenyewe, kwa rula, yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Tangu hapo brashi zinakaa kabatini, ufunguo uko mfukoni mwake, na anayetaka kupaka chochote anaandika daftarini: ni kitu gani, kinafanya kazi gani, nani kakwambia. Wiki iliyopita niliomba ruhusa ya kukoleza lile agizo la mlangoni kwa rangi, maana chaki imeanza kufutika. Bado anafikiria.