Fimbo haijibu swali la mtoto

Jumamosi nilikuwa kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa mpwa wangu, kidato cha pili, huku Temeke. Mzazi mmoja akasimama: "Hawa watoto wamekosa viboko, ndiyo maana maadili yameisha!" Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Kichwani nilikuwa na swali aliloniuliza mpwa wangu Alhamisi usiku, amekaa kwenye kigoda anamenya vitunguu: "Mjomba, rafiki yangu anaandaa kibomu cha mtihani. Nikimsema nimemsaliti. Nikinyamaza je?" Kibomu ni kile kikaratasi cha kuibia majibu.

Hilo fimbo italijibuje?

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limekuja na mtaala mpya, na silipingi. Lakini nimefungua daftari la mpwa wangu. Maana ya uadilifu, umuhimu wa uadilifu, hoja tano, vema nyekundu pembeni. Maksi atapata. Rafiki yake naye ana hoja hizo hizo tano.

Bibi yangu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Dada zangu walipovunja ungo kila mmoja alipewa somo wake, yaani kungwi, akafundwa kwa nyimbo na mizungu, mafumbo ambayo mwali anayahangaikia mwenyewe kabla ya kufumbuliwa. Najua wapo waliotolewa ndani wakaozwa bado watoto, na hilo silitaki lirudi. Ila binti alitoka akiwa na mtu wake wa kumuuliza mpaka uzeeni. Leo tumepanga vyumba viwili Mbagala, shangazi yuko mkoani, mama anagombania daladala na kufika nyumbani saa tatu usiku amechoka. Mtoto aulize nani? Anaiuliza simu.

Na tusiseme "ameshakua, anajua jema na baya". Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kuzuia pupa, inaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Wa miaka 15 jibu analijua akiwa peke yake jikoni. Mbele ya wenzake, moyo unamwenda mbio, linamponyoka. Anahitaji kulizoea kabla siku yenyewe haijafika.

Mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg wa Marekani, katika utafiti wake wa 1958, aliwasimulia wavulana wa Chicago kisa cha mtu ambaye mkewe anakufa na dawa ipo, ila muuzaji ameitoza bei isiyofikika. Aibe? Kohlberg hakujali sana ndiyo au hapana, alitaka kusikia kwa nini. Usiku ule nikakileta kisa mezani. Mpwa wangu akasema aibe. Dada yake, wa darasa la sita, akaweka tonge chini: "Na mgonjwa wa kesho akikuta dawa imeibiwa?" Wakabishana mpaka ugali ukapoa. Sijawahi kumwona kijana huyu akifikiri kwa bidii namna ile, na hakuna aliyemchapa.

Wazazi wenzangu, nawaomba. Nusu saa tu, simu zikiwa mbali, na mtoto asikatizwe hata akisema jambo linalokuudhi.

Kuhusu kile kibomu, jana aliniambia amemfuata rafiki yake nyuma ya madarasa akamwomba akichane. Rafiki amekataa. Mtihani ni Jumatano, na leo usiku tunakaa tena.