Bangkok haiishii Pratunam

Watu wetu wengi wanaoijua Bangkok wanaijua kwa biashara. Wanashuka Suvarnabhumi, wanapanga hoteli Pratunam, mtaa wa nguo za jumla, wanafunga mzigo, wanarudi Kariakoo. Hao siwalaumu, mtaji una riba. Ninaowashangaa ni wanandoa waliokwenda kutembea tu, halafu wakafuata ratiba ile ile: maduka, hekalu la kupigia picha, maduka tena.

Mimi na mume wangu tulivutana kidogo kuhusu hili. Yeye ni mtu wa zogo. Angeachiwa, angekesha Yaowarat, mtaa wa Wachina, akila chaza waliokaangwa na mayai. Na sitasema uongo, zogo la Bangkok lina raha yake, hasa kwenye boti za mfereji wa Saen Saep. Boti ndefu, nyembamba, inakata maji meusi kwa kasi, na abiria wa pembeni ndio wanaovuta kamba ili turubai la plastiki lipande na maji yasituruke usoni. Konda anatembea kwenye ukingo wa nje, helmeti kichwani, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine unapokea nauli. Kwenye madaraja ya chini paa la boti linashushwa, naye anainama bila hata kutazama. Konda wetu wa daladala ya Mbagala angempa shikamoo. Mfereji huo huo unapita Ban Krua, kitongoji cha kale cha Waislamu wa Kichamu, jamii yenye asili ya Kambodia na Vietnam, kwa hiyo anayetafuta chakula cha halali hana haja ya kuhangaika mbali.

Lakini nilisisitiza tuvuke mto. Nyuma ya hekalu la Khlong Toei Nok kuna gati dogo, na dakika chache tu kwa boti zinakufikisha Bang Krachao. Hapo mto Chao Phraya umejikunja karibu kufunga duara: maji yanazunguka kilomita 18, wakati mfereji wa Lat Pho, uliokata shingo ya kona hiyo, una mita kama 600 tu. Ndani ya duara ni minazi, miembe na mikoko. Unakodi baiskeli na kupita kwenye vijia vya zege vilivyoinuliwa juu ya tope, vyembamba, vingine havina hata cha kushikilia. Mume wangu alishuka na kuikokota yake kila tulipopishana na pikipiki. Huku maghorofa ya mjini unayaona kabisa juu ya minazi.

Huko huko Bang Krachao, kwenye soko la Bang Nam Phueng, nilisimama kumtazama mama mmoja akitengeneza saladi ya papai bichi. Kinu cha udongo, mchi wa mbao. Anaanza na kitunguu saumu na pilipili, anatia sukari ya mnazi, uduvi mkavu, ndimu, sosi ya samaki, ndipo papai. Hatwangi kwa nguvu. Anaponda kidogo, anageuza kwa kijiko, anaponda tena, papai libaki likilia menoni. Wali wa kunata kwa embe na tui la nazi tulikula bila kuuliza maswali. Mtu wa pwani atauliza nini hapo?

Kinachonikera ni wanaorudi wakisema kule ng'ambo ndiko Thailand ya kweli, eti mjini ni vurugu tu. Si hivyo. Utulivu wa Bang Krachao haukudondoka kutoka mbinguni. Upo kwa sababu serikali ilibana ujenzi ili eneo libaki la kijani. Fikiria wewe ndiye mwenye shamba huko, unatazama maghorofa ya Khlong Toei ng'ambo ya maji, na ardhi yako imefungwa masharti ili watu wa mjini wapate hewa na sisi wageni tupate pa kuendesha baiskeli. Ndiyo maana naona ni vibaya kwenda huko na chupa yako ya maji, ukapiga picha mia na kurudi bila kununua hata dafu. Kuleni huko, kodini baiskeli huko, na kama mnaweza, laleni huko.

Soko lenyewe ni la Jumamosi na Jumapili. Siku za kazi mtakuta vibanda vingi vimefungwa na vijia karibu vyote ni vyenu. Mume wangu anasema bila soko hakuna maana ya kuvuka. Mimi ningechagua Jumanne.